Baiskeli Asiyoiamini Nesi

Kila kitu kilichoingia mikononi mwake alikigonga kwanza kwa kucha ya kidole cha shahada. Sufuria, papai, chupa ya dawa, mlango wa kabati jipya: alikigonga, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kikilia vizuri alikinunua bila kutabasamu. Kikilia vibaya alikirudisha na kumwangalia muuzaji kwa huruma, kana kwamba muuzaji ndiye aliyedanganywa. Watu walisema hata watoto wachanga aliwagonga tumboni hivyo hivyo. Hilo lilikuwa kweli, lakini hiyo ilikuwa kazi yake.

Alikuwa nesi wa zahanati yetu, upande wa Suna Magharibi, si mbali na machimbo ya dhahabu ya Masara. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyopakana na zahanati hiyo, na kati ya nyumba yangu na yake palikuwa na ua wa miti tu. Yeye alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, mimi Mkuria kutoka huko juu mpakani, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Chake kilikuwa na lafudhi ya ziwani, shida akiiita sida, na changu kilikuwa na makosa ambayo hakuyasamehe hata mara moja. Aliniita Mwalimu. Mimi nilimwita Sista, kama kila mtu anavyomwita nesi kwetu.

Siku ambayo pikipiki ya zahanati ilikufa na kukataa kufufuka, ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, aliisukuma mwenyewe mpaka nyuma ya choo, akaifunika gunia. Wakubwa wake wa Migori walimwambia nyingine inakuja. Aliwasikiliza kwa adabu, akashukuru, akarudi nyumbani na kuniambia, "Mwalimu, Jumapili nisindikize mjini. Nataka baiskeli."

"Si wamesema pikipiki inakuja?"

"Wamesema."

Duka lilikuwa karibu na daraja, na baiskeli yenyewe ilikuwa imening'inizwa mlangoni ili jua liing'arishe rangi yake. Wakati huo baiskeli za gia zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia kwetu kwa wingi. Tulizoea zile nyeusi nzito zinazobeba gunia la mahindi na mke juu yake. Hii ilikuwa nyekundu na zambarau, tairi zake zina meno kama trekta, na watu waliiita mauntini, yaani ya milimani. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko tulivyotarajia, na hapo ndipo shaka ya Nesi ilipoanza.

"Sista, hii ni orijino," kijana wa duka alisema. "Gia kumi na nane. Hata milima ya Gwassi unapanda ukiimba."

"Gia zote zinafanya kazi, ama nyingine ni za kupigiwa picha?"

"Zote, mama."

"Pindua."

Kijana aliigeuza miguu juu. Nesi alizungusha pedali kwa mkono, akabadilisha gia moja baada ya nyingine, na cheni ikaruka, ikakwama, ikaanguka, ikapandishwa, ikaanguka tena. Akavuta breki, mpini wake ukapinda kama kijiko cha bati. Kisha akaona kibandiko kilichosema baiskeli imetengenezwa Japani. Alikikwangua kwa kucha. Chini yake palikuwa na kibandiko kingine, chenye jina la nchi nyingine. Watu waliokuwa wamesimama kutazama walicheka mpaka kijana akaingia ndani kumwita mwenye duka.

Nilidhani tutaondoka. Lakini Nesi alichomoa kiti, akachungulia ndani ya bomba, akapitisha kidole kwenye kila kiungo kama anayetafuta uvimbe. Akasimama mbele ya baiskeli, akafumba jicho moja, akaitazama kutoka usukani hadi gurudumu la nyuma.

"Fremu imenyooka," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mengine yote ni uongo. Lakini uongo unaweza kung'olewa, mmoja mmoja."

Akainunua.

Nimewahi kuishi na watu wasioamini, lakini wengi wao hawaamini kwa sababu ya uvivu: ni rahisi kusema hapana kuliko kwenda kutazama. Nesi alikwenda kutazama. Mwanamume akija zahanati kusema, "Mke wangu amekataa mtoto achanjwe," Nesi aliandamana naye mpaka nyumbani akamuulize mke mwenyewe. Mara nyingi mke ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari hiyo. Mizani ya kupimia watoto aliipima kwanza kwa jiwe alilolijua uzito. Mkubwa akimwandikia kwamba chanjo imetunzwa baridi njia nzima, alitia mkono ndani ya sanduku kabla ya kusaini. Hata nafsi yake hakuiamini. Sindano alizihesabu alipotoka na aliporudi, akiwa peke yake, kwa sauti.

Kitu kimoja tu alikiamini bila kukigonga. Mama akisema mtoto hajanyonya tangu asubuhi, Nesi hakuuliza swali la pili. Nilimuuliza kwa nini.

"Huyo hana sababu ya kunidanganya," alisema, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Baiskeli ilijieleza katika wiki ya kwanza. Kuna mteremko unaoshuka hadi kijito, halafu unapanda kwenda vijiji vya wachimbaji. Nesi aliushuka na sanduku la chanjo nyuma, akafinya breki, na baiskeli haikumsikiliza. Aliielekeza kwenye shamba la mihogo la mtu na kuanguka humo. Alirudi jioni ana majani kichwani na goti limechubuka, sanduku kalikumbatia kama mtoto.

"Leo imesema uongo wake wa kwanza," aliniambia.

Alitoa raba za breki, zilizokuwa ngumu kama ukwato, akaweka nyingine laini alizozipata Migori, pamoja na nyaya mpya. Wakati huo pedali za plastiki zilikuwa zimeshaanza kupasuka, kila mtu aliona. Nikamwambia azibadilishe zote pamoja amalize kazi.

"Mwalimu, ukibadilisha vitu viwili siku moja, utajuaje ni kipi kimekudanganya?"

Huo ndio ulikuwa mtindo wake. Kitu kimoja, halafu anapanda, anasikiliza, anangoja. Baada ya breki, akaipanda mpaka mvua ikaanza. Ndipo pedali zikaondoka, zikaja za chuma kutoka baiskeli nyeusi ya marehemu mmoja. Akangoja. Kikaondoka kiti, kilichokuwa chembamba kama mwiko, kikaja kipana cha springi. Gia za mbele alizing'oa kabisa akabakiza gurudumu dogo la meno, lile la kupandia vilima. "Hizi nyingine nilizinunua kwa sababu zilikuwa zimekwama kwenye baiskeli," alisema. Watu walishangaa kuona mtu anayelipia gia kumi na nane halafu anazitupa.

Keria, kile kibebeo cha nyuma, ndiyo iliyonifurahisha mimi. Ile ya dukani ilipinda chini ya sanduku, kwa hiyo aliwachorea mafundi chuma wa jua kali wa Migori keria nyingine, wakaichomelea kwa nondo. Ilikuwa imara, lakini ilitikisa mzigo. Nesi alikata vipande vya tyubu kuukuu akavipanga juu yake, akafunga kikapu cha mayai, akaendesha mpaka sokoni na kurudi. Mayai yalipasuka. Akaongeza tyubu. Yakapasuka machache. Mwezi ule mimi na watoto wangu tulikula mayai kama watu wa hoteli. Siku mayai yalipofika mazima yote, ndipo chanjo iliporuhusiwa kupanda keria mpya.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, anayevaa suruali ndani ya gauni la kazi. Baiskeli ilikuwa na lile bomba la juu la wanaume. Wazee walisema mwanamke akipanda hivyo anatafuta jambo. Hakuwajibu. Alipita mbele yao kila asubuhi, akiwasalimu kwa majina, na waliokuwa na wajukuu waliitikia.

Mafundi aliwashuku kuliko watu wote. Sokoni kwetu palikuwa na fundi wa baiskeli mmoja, mtu mkimya mwenye vidole virefu, ambaye inasemekana alikuwa akitoa gololi mpya kwenye gurudumu la mteja na kurudisha za zamani. Sijui kama ilikuwa kweli. Nesi naye hakujua, kwa hiyo kila alipopeleka baiskeli aligeuza kreti la soda, akaketi mbele yake, asiondoke hata kwa kikombe cha chai.

"Sista, unaniangalia kama mwizi," fundi alimwambia siku moja nikiwepo.

"Sikuangalii wewe. Naangalia mikono yako."

"Mikono ni yangu."

"Na gololi ni zangu. Endelea."

Alikuwa amekwaruza alama ndogo kwa sindano kwenye kila kifaa chake, mahali ambapo jicho haliendi. Fundi alikuwa ameziona alama hizo tangu zamani. Nilitegemea akasirike, lakini alianza kumwonyesha kila kifaa kabla ya kukirudisha, akikigeuza upande wenye alama, bila neno. Walifanya kazi hivyo kwa miaka, mmoja akionyesha na mwingine akiitikia kwa kichwa.

Alikuwa Msabato wa kweli, na Jumamosi hakugusa spana. Lakini nilimwona zaidi ya mara moja, akitoka kanisani na gauni lake jeupe, amesimama barazani, amenyanyua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja na kuzungusha pedali kwa mwingine, macho yamefumbwa.

"Sista, si leo ni Sabato?"

"Nasikiliza tu. Kusikiliza si kazi."

"Na ukisikia kitu?"

"Nitakaa nacho kichwani mpaka kesho."

Sasa niseme habari ya dhahabu, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa yaliyompata.

Masara ni mahali ambapo kila mtu anamshuku kila mtu, na kwa haki. Mchimbaji anamshuku mwenye shimo, mwenye shimo anamshuku anayesaga mawe, na wote wanamshuku mnunuzi na mizani yake. Dhahabu ni ndogo, inaingia kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye kisigino cha kiatu. Ilisemekana nyingi ilivuka mpaka kwenda Tanzania bila mtu kuiona. Katika mahali kama hapo akatokea mwanamke anayeendesha baiskeli ya bei ya chini inayozidi kuwa nzuri kila baada ya miezi michache. Anapita kwenye machimbo. Anapita vijiji vya karibu na mpaka. Na kila mara anaonekana amechomoa kiti, anachungulia ndani ya bomba.

Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha sukari Awendo na alikuja nyumbani mwisho wa wiki. Siku Nesi alipoweka rimu nyepesi za Ulaya, zile za mitumba, mume wangu aliziangalia juu ya ua kwa muda mrefu.

"Mshahara wa nesi haununui zile," alisema.

"Alibadilisha na kuku."

"Kuku wangapi hao?"

Nilijua ni kuku, maana niliona banda lake likipungua. Lakini nilijikuta nikitazama banda lile mara mbili. Hivyo ndivyo maneno yanavyofanya kazi. Kwenye kisima wanawake walinyamaza Nesi akipita. Mwenye kinu cha kusaga unga alianza kumwita Tajiri, akicheka. Mzee mmoja aliniuliza kama jirani yangu anapokea wageni usiku. Nikamwambia anapokea wanawake wenye uchungu wa kuzaa, na yeye akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia.

Mwishowe nilimwambia. Tulikuwa tunachambua mboga barazani kwake.

"Sista, unajua watu wanasemaje?"

"Kwamba nabeba dhahabu ndani ya fremu."

"Unajua?"

"Ningekuwa wao, ningesema hivyo hivyo," alijibu. "Mtu anachomoa kiti kila wiki. Wewe ungedhani nini?"

"Na kwa nini unakichomoa?"

"Maji ya mvua yanaingia hapo, yanakula chuma kutoka ndani. Fremu ndiyo kitu pekee cha kweli kwenye baiskeli hii. Nisipoitazama, ni nini nitakachotazama?"

Hakuacha kukichomoa. Nilimsihi afanye ndani ya nyumba, akasema kujificha ndiko kungewathibitishia dhahabu.

Surua ilikuja mwaka wa tatu wa baiskeli, wakati wa kiangazi. Ilianza katika kijiji cha juu, ng'ambo ya kijito. Watoto wawili walizikwa katika juma moja, na Nesi akaenda Migori mwenyewe kuchukua chanjo kwa sababu hakuwa na imani kwamba ingeletwa. Asubuhi ya safari hiyo nilikuwa sokoni, shule zimefungwa, nanunua omena, wale dagaa wa ziwani. Nilimwona akiingia kutoka Migori na baiskeli yake, amefunga sanduku kwa mipira minne, uso umekaza. Kwenye mti wa njia panda walikuwa wamesimama askari wawili pamoja na msaidizi wa chifu.

"Mama, shuka."

Alishuka.

"Tumepata habari kwamba baiskeli hii imebeba mali ya magendo. Fungua sanduku."

"Hili ni sanduku la chanjo. Linafunguliwa kivulini, mtoto akiwa amekaa tayari. Mkilifungua kwenye jua hili, chanjo itakufa na mimi nitakuwa nachoma watoto maji."

"Utafungua au tutafungua?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Walikuja wauza samaki, wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye kope, na yule mwenye kinu. Askari mmoja aliweka mkono juu ya mfuniko. Nesi aliweka wake juu ya mkono huo, na wakakaa hivyo, hakuna anayesukuma.

"Mliambiwa iko kwenye sanduku?" aliuliza.

Askari alimtazama msaidizi wa chifu.

"Kwenye fremu," msaidizi alisema. "Ndani ya bomba."

"Basi kateni bomba. Sanduku muache."

Askari alitaka kuhakikisha amesikia vizuri. Nesi alifungua mipira, akalitoa sanduku, akaliweka chini ya kivuli cha kibanda cha muuza nguo. Halafu akaiinua baiskeli yake na kuilaza mbele yao. Wakauliza nani ana msumeno wa chuma. Macho yote yakamgeukia fundi wa baiskeli.

Alikuja ameushika.

"Sista, nimeagizwa."

"Najua. Kata hapa katikati. Usikate karibu na kiungo, hapatashika tena."

Fundi alipiga magoti. Nesi alivuta kreti la soda, akaketi mbele yake kama siku zote, akatazama mikono yake. Msumeno ulilia. Rangi nyekundu ilidondoka, kisha unga wa chuma. Aliyesogea karibu zaidi alikuwa mwenye kinu, shingo ameirefusha. Bomba lilipoachana, askari aliinua baiskeli na kuitikisa. Kikaanguka kipande cha udongo, nyumba ya nyigu, na vumbi kidogo la kutu. Akatikisa tena. Akaingiza kijiti. Akamwamuru fundi akate bomba la pili, naye akakata. Humo hamkuwa hata na nyigu.

Hakuna aliyecheka. Askari alipangusa mikono kwenye suruali.

"Haya mama. Unaweza kwenda."

"Nani aliwaambia?"

"Raia mwema."

Nesi alisimama, akawatazama watu wa soko, uso mmoja baada ya mwingine, polepole, jinsi alivyokuwa akikagua viungo vya fremu. Wengine waliinamisha macho, lakini walioinamisha hawakuwa lazima wenye hatia. Hata mimi niliinamisha. Kisha akajitwika sanduku kichwani akaanza kutembea. Nikaiacha omena yangu kwa muuzaji, nikamfuata.

Mteremko tuliushuka, kijito tukakivuka. Kwenye mlima alisimama mara moja kupumua, jasho likimwingia machoni, mikono yote miwili imeshika sanduku.

"Nikubebee?"

Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Usilitikise," alisema, akanipa.

Kijijini akina mama walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wa kanisa, palipokuwa na kivuli. Habari zilikuwa zimetutangulia. Niliziona kwenye nyuso zao. Mmoja alianza kusema pole, Nesi akamkatiza kwa kumwomba amshike mtoto mkono. Alitia vidole ndani ya sanduku, akagusa barafu, akaitikia kwa kichwa. Akafanya kazi mpaka jua likageuka. Alipokuwa ananawa, aliniambia bila kugeuka:

"Aliyesema, huenda mtoto wake alikuwa kwenye mstari huu."

"Ungejua, ungefanyaje?"

"Ningemchoma. Sindano ni ile ile." Akakung'uta mikono. "Lakini ningemtazama mama yake, na mama yake asingerudi tena."

Mimi nilimshuku fundi. Nilikuwa na sababu zangu. Aliwekewa kreti mbele ya uso kwa miaka, na hakuna mtu aliyejua ndani ya baiskeli ile kama yeye. Shaka yangu ilizidi alipokuja nyumbani kwa Nesi siku chache baadaye, akiwa amebeba vipande vya fremu begani, akasema anataka kuvipeleka Migori vichomelewe, kwa gharama yake mwenyewe.

"Kwa nini?" Nesi alimuuliza.

"Mikono ni yangu," fundi alisema.

Alirudi na fremu iliyoungwa, viungo vipya vimevimba kama makovu. Ndani ya kila bomba lililokatwa alikuwa ametia kipande cha bomba jembamba kabla ya kuchomelea, ili kiungo kishike. Kila kifaa kilikuwa mahali pake, upande wenye alama ukitazama juu. Nesi alikagua viungo vyote. Akaigonga fremu, akainamisha kichwa.

"Imebadilika sauti," alisema.

"Imebadilika," fundi alikubali.

Aliiendesha bila mzigo kwanza, halafu na mayai, halafu na chanjo. Aliendelea kwenda kwa fundi yule yule, lakini sikuliona tena kreti la soda mbele yake. Nesi aliketi pembeni, ubavuni mwake, akinywa chai. Sijui kama huko kulikuwa kumwamini, au kulikuwa namna nyingine ya kumchunga. Na watu walewale waliosema dhahabu iko kwenye fremu sasa walisema alikuwa mjanja, alikuwa ameihamishia kwenye usukani.

Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha, Nesi alistaafu akarudi kwao, na baiskeli akamwachia kijana aliyechukua nafasi yake zahanati. Mimi nikahamishiwa shule moja ya Homa Bay. Nilisikia yuko kwa dada yake kisiwani Mfangano, nikakusudia kwenda kumwona, na kama kawaida ya makusudio, sikuenda.

Nilimkuta gatini hapo Homa Bay, asubuhi moja miaka mingi baadaye, amekaa juu ya begi lake kando ya wachuuzi wa mkate. Nilisimama mbele yake nikangoja anione. Alinitazama usoni, akatabasamu tabasamu la heshima, lile la kumpa mgeni.

"Ni mimi, Sista. Mwalimu."

"Mwalimu!" Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko. "Umenona. Nisamehe, macho. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Wamesema nitapasuliwa wakipata daktari. Wamesema."

Nilikaa naye. Tuliongea habari za watoto wangu, ambao alikumbuka uzito wao wa kuzaliwa. Niliposhindwa kujizuia, nikamuuliza, baada ya miaka yote hiyo, kama aliyepeleka maneno kwa askari alikuwa ni fundi.

"Sikutaka kujua," alisema.

"Wewe? Hukutaka kujua?"

"Siku moja mtu alikuja kuniambia jina. Nilimfukuza. Ningelijua, kuna mlango mmoja ambao nisingeweza kubisha tena, na nyuma ya mlango huo kuna watoto." Akalisawazisha begi alilokalia. "Ilikuwa kazi ngumu, Mwalimu. Kuliko kutafuta."

Boti la Mfangano lilikuwa limeanza kupakia. Vijana walirusha ndani magunia, kreti, mbuzi wawili, godoro, na watu wakaingia juu ya hayo yote. Kijana aliyekuwa akiita abiria alituambia nafasi ya mama ipo, aje haraka. Nesi alisimama, lakini hakusogea. Alikuwa ameelekeza uso wake upande wa kelele, macho yamefunguka sana.

"Mwalimu, maji yamefika wapi kwenye ubavu wa boti?"

Nilikwenda mpaka ukingoni nikaangalia. Rangi ya bluu ilikuwa ikionekana juu ya maji, kiasi cha shubiri moja. Wimbi dogo lilikuja, rangi ikatoweka, ikarudi. Nikamwangalia mwenye boti, naye akaniangalia, akajua ninachotafuta.

"Ni karibu sana, Sista. Usiingie hili. Ngoja la adhuhuri."

"Mama, usimsikilize huyo!" kijana alipaza sauti. "Boti iko sawa kabisa! Kila siku tunaenda hivi!"

Abiria waliogeuka kunitazama walikuwa na hasira, hasa wale waliokuwa wameshakaa. Mwanamke mmoja alisema nawaletea nuksi. Nesi alisikiliza upande wa kijana, akasikiliza upande wangu. Nilikuwa tayari aniulize ni shubiri ngapi, boti ni la mbao gani, upepo umetoka wapi. Nilikuwa tayari kwenda kuangalia tena.

"Haya," alisema.

Akaketi tena juu ya begi lake, akaniomba nimnunulie mkate wakati tunangoja.